Sifa, Dhamana na Ushuhuda: Lugha ya Barua za Mapendekezo katika Maombi ya Shule za Juu za Biashara

Utangulizi

Makala haya yanashughulikia aina moja ya maandishi ambayo kwa kawaida huachiwa makarani, ingawa ndani yake mna mambo mengi yanayomhusu mwanaisimu. Aina hiyo ni barua ya mapendekezo iandikwayo kwa ajili ya mtu anayeomba nafasi katika shule ya juu ya biashara, yaani taasisi inayotoa shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ile ijulikanayo kila mahali kwa herufi tatu za MBA. Shahada hiyo ilianza kutolewa katika Chuo Kikuu cha Harvard, ambacho shule yake ya biashara ilifunguliwa mwaka 1908. Leo inapatikana pia Nairobi, Dar es Salaam, Arusha na Kampala, na kijana wa mashariki ya Kongo anayeitamani halazimiki tena kuvuka bahari.

Mfano utakaofuatwa ni wa Ankoro. Mji huo mdogo uko mahali mto Luvua unapoungana na Lualaba, katika wilaya ya Manono, jimbo la Tanganyika, ambalo makao yake makuu ni Kalemie. Wakazi wengi wa Ankoro huzungumza Kiluba nyumbani, Kiswahili sokoni na gatini, na Kifaransa shuleni na ofisini. Kiingereza hakina mahali pake pa kudumu. Kwa hiyo barua inayotoka Ankoro kwenda shule ya biashara ya Nairobi au ya London hufikiriwa katika lugha moja, husemwa katika ya pili, huandikwa katika ya tatu na husomwa katika ya nne. Katika safari hiyo hupotea mengi, na anayelipa hasara si mwandishi wa barua bali ni kijana aliyeiomba.

Hoja ya makala haya ni kwamba hasara hiyo haitokani hasa na uhaba wa Kiingereza. Chanzo chake ni kwamba mwandishi wa barua na msomaji wake hawana fikra moja kuhusu barua yenyewe: mmoja anatoa sifa au dhamana, mwingine anangoja ushuhuda.

Majina ya barua

Kiswahili kina majina kadhaa ya kitu hiki, na kila jina lina mzigo wake. Lililoenea ni barua ya mapendekezo. Kitenzi kupendekeza kimejengwa juu ya mzizi -pend-: kupenda, kupendeka, kupendekeza. Kwa kufuata minyambuliko hiyo, maana ya msingi ni kukifanya kitu kipendeke. Maana ya siku hizi imeshakuwa pana zaidi, kwani mtu hupendekeza hata ajenda ya mkutano, lakini harufu ya asili haijatoka. Anayeombwa barua ya mapendekezo huhisi kwamba kazi yake ni kumfanya mtu apendeke. Tena mtumiaji wa Kiswahili anajua yanayotokea kiambishi -ji- kinapoingia: kujipendekeza ni kujikomba, kujitia kwa wakubwa ili kupata kitu. Umbali kati ya neno la heshima na neno la dharau ni silabi moja tu, na suala hilo litarudi hapo chini.

Katika matangazo ya kazi ya Tanzania jina linalotumika sana ni mdhamini: mwombaji hutakiwa kutaja wadhamini wawili au watatu wa kuaminika. Asili ni dhamana, neno la Kiarabu lililoingia kupitia biashara na sheria. Mdhamini wa mkopo hulipa mkopaji akishindwa, na mdhamini wa mahakamani huwajibika mshitakiwa akitoroka. Si ajabu basi kwamba wazee wengi husita kutia sahihi. Neno lenyewe linawaambia kwamba wanaingia deni. Wakenya, katika mafunzo yao ya kuandika tawasifukazi, wamependelea mrejelewa, neno lisilo na deni wala mapenzi, ila halijasikika sana nje ya Kenya.

Kongo, kama ilivyo desturi, imechukua neno la Kifaransa na kulivalisha mavazi ya Kibantu. Kijana wa Kalemie au Lubumbashi humwendea mkubwa wake na kusema, "Shefu, naomba rekomandasyo." Neno hili halimwambii mkubwa chochote kuhusu kazi anayoombwa, na kwa sababu hiyo hurudia kile anachokijua tayari, yaani karatasi za ofisi.

Lipo jina lingine ambalo halitumiki kwa barua hizi, nalo ndilo lingefaa zaidi: ushuhuda. Shahidi ni mtu aliyekuwapo. Mahakamani haulizwi kama mshitakiwa ni mtu mzuri, huulizwa aliona nini, lini na akiwa wapi. Makanisani pia, Ankoro kama kwingineko, atoaye ushuhuda husimulia jambo lililotukia. Neno hili limezoeleka kwa kila msemaji wa Kiswahili, na maana yake inakaribia sana kile ambacho shule za biashara zinakitaka.

Barua za njia ya misafara

Mazoea yaliyopo yana historia. Kiswahili kilifika Lualaba katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, na katika mizigo ya misafara hiyo zilikuwamo barua za hati ya Kiarabu. Mwaka 1857 Burton na Speke walipoingia Kazeh, karibu na Tabora ya leo, walikuwa wamechukua barua ya utambulisho kutoka kwa mtawala wa Unguja kwenda kwa Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi. Barua ya namna hiyo haikuhitaji kueleza tabia ya aliyeibeba. Nguvu yake yote ilikuwa katika jina la aliyeituma. Ilisema, kwa ufupi, mpokee huyu kama ungenipokea mimi. Mkusanyo wa barua za Kiswahili uliochapishwa na Büttner mjini Berlin mwaka 1892 unaonyesha pia jinsi maamkizi yalivyokuwa sehemu nzito ya barua, si pambo la kupitwa haraka.

Utawala wa Wabelgiji ulileta mazoea mengine. Mwaka 1948 ilianzishwa kadi ya sifa za uraia, na mwaka 1952 utaratibu wa kuwaandikisha Wakongo wachache waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Mwombaji alichunguzwa maisha yake, hata ya nyumbani kwake. Karatasi iliyotokana na uchunguzi huo haikupima kazi, ilipima mwenendo. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 utaratibu huo ulikwisha, lakini cheti cha mwenendo mwema kinaendelea kutolewa na ofisi za serikali, na kanuni zake za Kifaransa zimekuwa mfano wa kila barua: mimi niliyetia sahihi hapa chini nathibitisha kwamba fulani ni wa mwenendo mwema, na kwa ajili hiyo amepewa karatasi hii imfae panapostahili. Kisha muhuri, au kashe, ambayo bila yake karatasi haina uhai.

Kwa hiyo barua ya Ankoro ina wazazi wawili. Mmoja anasema ukubwa wa mwandishi unatosha, mwingine anasema kutokuwa na doa kunatosha. Msomaji wa shule ya biashara hatoshelezwi na lolote kati ya hayo mawili.

Kinachoulizwa

Shule nyingi za biashara hazipokei tena barua huru. Mwandishi hutumiwa kiungo katika anwani yake mwenyewe ya barua pepe, akakuta maswali ya kujibu. GMAC, baraza linalosimamia mtihani wa GMAT, limetunga fomu ya pamoja ambayo shule kadhaa zimeikubali, na hata shule zenye fomu zao huuliza mambo yanayofanana nayo. Kwanza, mwandishi aeleze kwa maneno machache uhusiano wake na mwombaji. Pili, amlinganishe na watu wengine wenye uwezo waliofanya kazi kama yake, akitoa mifano. Tatu, aeleze shauri au sahihisho zito kuliko yote alilowahi kumpa mwombaji, mazingira ya tukio hilo, na jinsi mwombaji alivyolipokea. Mwishoni huachwa nafasi ya kuongeza lolote. Pamoja na maswali hayo huwa kuna jedwali la kupima uwezo wa uongozi.

Ni vema kutazama kile kisichoulizwa. Haiulizwi kama mwombaji ni mwaminifu, kama anawaheshimu wakubwa, kama ana afya njema, kama anatoka familia ya heshima. Mambo hayo hayadharauliwi, ila msomaji anaona kwamba hayawezi kuaminika yanaposemwa moja kwa moja. Alama za mtihani zimekwisha kumwonyesha kama mwombaji anajua hesabu, na insha ya mwombaji imekwisha kumwonyesha anavyojiona. Barua ndiyo mahali pekee katika jalada zima ambapo mtu mwingine anasema alichokiona. Ikijaa sifa tupu, nafasi hiyo pekee imepotea.

Sifa na tukio

Neno sifa lenyewe linahitaji kuangaliwa. Kwa Kiswahili sifa ni tabia au sharti, kama katika sifa za mwombaji, na pia ni maneno ya kutukuza, kama katika kumwimbia mtu sifa. Lugha nyingine hutenganisha maana hizo kwa maneno mawili. Mswahili aliyeombwa aeleze sifa za kijana hujikuta anamsifu, bila kuona kwamba amevuka mpaka wowote. Na wahenga walikwisha kuonya juu ya mgema na tembo lake.

Sarufi nayo inachangia. Vivumishi vya asili ya Kibantu ni vichache, kwa hiyo tabia ya mtu huelezwa kwa majina na virai: mwenye bidii, mchapakazi, mwaminifu, mnyenyekevu, mcha Mungu. Maneno haya hupangika kwa urahisi kama shanga katika uzi, na kila moja halina wakati wala mahali. Vitenzi vinavyoyafuata huwa katika hali ya mazoea: hufika mapema, hutimiza wajibu. Katika Kiswahili cha Katanga mazoea hayo huchukua kiambishi tamati -aka, na mkubwa wa kazi husema juu ya mtu wake, "anatumikaka muzuri." Hali ya mazoea haidanganyi, lakini haionyeshi kitu.

Kuna upande mwingine wa sarufi hiyohiyo ambao hautumiki vya kutosha. Kiambishi -li- kikifuatwa na -ka- huunda masimulizi: alifika, akaona, akaamua. Watoto wa Ankoro huwasikia wazee wakisimulia hivyo kila jioni. Hakuna sababu ya mzee huyohuyo kuuacha ufundi wake mlangoni anapoingia ofisini.

Uchukuliwe mfano wa kubuni. Binti mmoja anasimamia ghala la ushirika wa wakulima Ankoro. Ushirika hununua mahindi na kuyasafirisha kwa boti kwenda Kabalo, ambako reli ya Kalemie hupita, treni ikiwapo. Mkurugenzi wake anaandika:

"Mimi niliyetia sahihi hapa chini nathibitisha kwamba mhusika ni mfanyakazi mwenye bidii, mwaminifu, mtiifu na mwenye heshima kwa wakubwa na wadogo. Hajawahi kupata karipio lolote. Nampendekeza kwa moyo wote."

Barua hii ni ya kweli na ina adabu, lakini ingefaa kwa mtu yeyote. Sasa isomwe ya pili, juu ya binti huyohuyo:

"Mwezi wa Machi boti ya kupeleka magunia 300 ya mahindi Kabalo ilichelewa siku 9, na mvua ilikuwa inaingia ghalani. Mimi nilikuwa Kalemie, simu haikushika. Alikodi nyumba 2 zenye sakafu ya saruji, akawalipa vijana 6 wayahamishe na kuyaanika upya, akaandika kila faranga katika daftari. Boti ilipofika tulikuwa tumepoteza magunia 11. Niliporudi nilimuuliza kwa nini ametumia fedha bila idhini. Akanionyesha ukurasa ambao alikuwa amepiga hesabu ya hasara ya kungoja kabla hajatoa faranga ya kwanza."

Katika aya hii hakuna hata neno moja la kusifu. Hata hivyo msomaji anajua kwamba binti ana bidii, anajua hesabu, anathubutu na ni mwaminifu wa fedha. Amejua pia kitu ambacho barua ya kwanza ilikificha kabisa: kwamba mtiifu si neno linalomfaa. Alitenda bila amri, na ni kwa ajili ya uwezo huohuo shule ya biashara ingemtaka.

Swali la kulinganisha lina mtego wake. Kiswahili hulinganisha kwa kuliko, na ni rahisi sana kuandika kwamba fulani ni bora kuliko wote. Wote ni akina nani? Mwandishi akisema kwamba kati ya wasimamizi 8 wa maghala aliowaongoza tangu mwaka 2015 binti huyu ni wa pili, ameweka msingi wa ulinganisho, na nafasi hiyo ya pili huaminika kuliko ya kwanza isiyo na hesabu.

Kosa la kijana

Linalowashinda waandishi wengi ni swali la tatu. Katika jamii ya Ankoro mkubwa humsahihisha mdogo faraghani. Kuyaandika makosa ya kijana na kuyapeleka kwa wageni ambao hawajamwona huhesabiwa kuwa ni kumvua nguo, na mwandishi anahofu kwamba neno moja baya litamfungia mlango. Kwa hiyo hujibu kwamba hakumbuki kosa lolote, au huandika sifa iliyovaa nguo za kosa: anafanya kazi kupita kiasi.

Jibu la kwanza humwambia msomaji kwamba mwandishi hamjui mwombaji. La pili humwambia kwamba anafichwa. Yote mawili hudhuru kuliko kosa lenyewe. Swali limewekwa ili kupima jambo moja, nalo ni kama mtu akisahihishwa hubadilika, kwa maana darasa la biashara ni mahali pa kusahihishwa na wenzako kila siku. Mkurugenzi wa mfano uliotangulia angeweza kuandika:

"Mwaka wa kwanza alikuwa akiwakemea wapakiaji mbele ya wateja. Jioni moja nilimwita, nikamwambia kwamba mtu aliyeaibishwa habebi gunia la pili kwa moyo. Alinyamaza, na nilidhani ameudhika. Wiki iliyofuata alianza kukutana nao saa 12 asubuhi kabla ya kufungua ghala, na yenye kukera akayasema hapo. Mwaka ule wa kwanza wapakiaji 5 waliacha kazi. Mwaka wa pili hakuacha hata mmoja."

Heshima ya binti haikuvunjwa, kwa sababu kosa halikuachwa peke yake; limefuatwa na maneno aliyoambiwa, na maneno yamefuatwa na kitendo chake. Mpangilio huo si mgeni. Wazee wanaposuluhisha ugomvi barazani hueleza kosa kwa utaratibu huo huo, na hakuna anayeondoka akidhani ametukanwa.

Alama na lisanse

Kuna kazi moja ambayo mwandishi wa Kongo anaweza kuifanya na ambayo mwenzake wa Ulaya hahitaji, nayo ni kufasiri alama. Katika vyuo vikuu vya Kongo asilimia 50 hadi 69 huitwa Satisfaction, 70 hadi 79 Distinction, 80 hadi 89 Grande Distinction, na kuanzia 90 ni daraja ambalo wengi hawajapata kuliona likitolewa. Mwanafunzi mwenye asilimia 68 anaweza kuwa miongoni mwa wa kwanza darasani. Msomaji wa Marekani aliyezoea wanafunzi wenye 90 na zaidi huitazama 68 na kumsikitikia. Sentensi moja ya mwalimu, ikitaja idadi ya wanafunzi wa darasa na nafasi aliyoshika mwombaji, huondoa dhuluma hiyo.

Neno lisanse nalo limekuwa na utata. Katika mfumo wa zamani lisanse ilikuja baada ya miaka 5: miaka 3 ya graduat na 2 ya lisanse yenyewe. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 Kongo imeingia rasmi katika mfumo wa LMD, ambamo lisanse huchukua miaka 3. Hivyo watu wawili wenye lisanse za chuo kimoja wanaweza kupishana kwa miaka miwili ya masomo, na aliyesoma zaidi ndiye atakayedhulumiwa ikiwa barua haisemi. Mwandishi ataje miaka, asitegemee jina la shahada.

Nani aandike

Kwa kuwa nguvu ya barua ya zamani ilikuwa katika jina la mtumaji, waombaji wengi hukimbilia majina makubwa: mbunge, waziri wa jimbo, askofu, chifu. Shule zenyewe huwaonya wasifanye hivyo. Harvard na Stanford huomba barua mbili, na Stanford hutaka mmoja wa waandishi awe msimamizi wa sasa wa mwombaji kazini, au aliye karibu zaidi na nafasi hiyo. Mbunge aliyemwona kijana mara mbili kwenye sherehe hana tukio la kusimulia. Mkuu wa ghala anayo 20. Muhuri pia hauna kazi katika fomu ya mtandao. Kinachochukua nafasi yake ni anwani ya barua pepe ya ofisi na namba ya simu inayopokelewa, na hapo mashirika madogo ya Ankoro yana udhaifu, kwani wengi hutumia anwani za binafsi. Anayetumia anwani hiyo aeleze sababu katika mstari wa kwanza.

Halafu kuna desturi iliyoenea Kongo nzima, na si Kongo tu. Kijana anaomba barua, naye mkubwa, kwa wema kabisa, anajibu, "Andika mwenyewe, mwanangu, uniletee nitie sahihi." Shule hukataza jambo hilo waziwazi. Nje ya kanuni, kuna sababu ya lugha: kila mtu ana mtindo wake, na msomaji mwenye insha ya mwombaji mkono mmoja na barua mbili mkono mwingine huona upesi kwamba zote tatu zimetoka katika kalamu moja. Hapo ndipo kile kiambishi -ji- kinaporudi, kwani barua ambayo mtu amejiandikia ni kujipendekeza kwa maana zote mbili za neno.

Mkubwa huyo hana budi kusaidiwa, kwa kuwa ana kazi nyingi na kumbukumbu yake si daftari. Inaruhusiwa, na inafaa, mwombaji amwandikie ukurasa wa kumbukumbu: tarehe za matukio waliyoshiriki pamoja, idadi, majina ya miradi, maswali ya fomu na siku ya mwisho. Ukurasa huo usiwe na kivumishi hata kimoja. Vivumishi, vikihitajika, ni vya mwandishi. Njia nyingine ni mwombaji kumtafutia mtu wa tatu, mwalimu kwa mfano, ambaye mzee atamsimulia kwa Kiswahili naye akaandika maneno yake kama yalivyo.

Suala la siri lielezwe pia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inampa mwanafunzi haki ya kuona kumbukumbu zake, ila mwombaji huulizwa kama anaiacha haki hiyo kuhusu barua za mapendekezo. Wengi huiacha, ili msomaji aamini kwamba mwandishi alikuwa huru. Ankoro, ambako mkubwa huisoma barua kwa sauti mbele ya kijana na kumkabidhi mkononi, utaratibu huo huonekana kama kutokuaminiana. Afadhali kijana amweleze mapema.

Karatasi zilizoungua

Mwezi wa Novemba 2002 wanajeshi wa serikali na wapiganaji wa Mai-Mai walipambana ndani ya Ankoro. Raia kwa makumi waliuawa na nyumba kwa maelfu ziliteketezwa. Baadaye kesi ilifunguliwa katika mahakama ya kijeshi. Baada ya hapo, hasa tangu mwaka 2016, mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliwakimbiza watu wengi wa jimbo la Tanganyika kutoka vijiji vyao. Waliokuwa watoto mwaka 2002 ndio walio katika umri wa kuomba shahada za uzamili sasa. Baadhi yao hawana karatasi za shule ya msingi, na walimu wao wametawanyika.

Kwa mwombaji wa namna hiyo barua hufanya kazi zaidi ya ile iliyokusudiwa na shule. Mwalimu aliyebaki anaweza kuandika kwamba kumbukumbu za shule hazipo, aseme kwa nini na tangu lini, na aeleze anachokijua kwa macho yake. Aseme kwa ufupi. Mateso ya mji yakijaza ukurasa, mwombaji hutoweka ndani yake, na msomaji hubaki na huruma asiyojua aifanyie nini. Sentensi mbili juu ya moto, kisha nane juu ya yale ambayo kijana alifanya baada ya moto, ni kipimo kinachofaa.

Kufasiri

Barua iliyosimuliwa kwa Kiswahili hatimaye hufasiriwa, na hapo mfasiri wa Kongo aangalie maneno machache. Kutumika, ambako kwa Mkongo ni kufanya kazi, kwa msomaji wa Tanzania ni kutumiwa kama chombo. Mfasiri wa Dar es Salaam akikabidhiwa sentensi "ametumika kwangu miaka 3" anaweza kutoa jambo la ajabu. Anasikia, sifa kubwa ya kijana wa Ankoro, maana yake ni kwamba anashika anayoambiwa, na haihusu masikio. Mnyenyekevu na mtiifu hufasirika bila shida, lakini kwa msomaji wa shule ya biashara hufika yakiwa yamepungua thamani, kwa kuwa anatafuta mtu wa kuongoza. Mfasiri hana ruhusa ya kuyabadilisha. Anachoweza ni kumrudia mwandishi na kumuuliza: ni siku gani uliuona unyenyekevu huo, na alikuwa anafanya nini? Jibu likija katika -li- na -ka-, ndilo lifasiriwe, idadi na tarehe zikibaki kama zilivyo, na jina la mfasiri liandikwe chini ya ukurasa.